Shibe ya Siku ya Mgeni

Saa moja kasorobo jioni, meza ya Elinami Mshana iliamka. Haikupiga kengele wala haikuita mtu. Ilipasha ubao wake joto kidogo, ikafifisha taa za sebule, ikaanza kutoa harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ingawa jikoni hapakuwa na kitunguu wala mkaangaji. Tusekile, binti wa miaka sita, aliacha midoli yake zuliani, akaenda kunawa mikono bila kuambiwa, akapanda kitini na kukaa mgongo umenyooka kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mama yake, Bupe, aliandaa ugali wa mtama, mlenda, maharage na kipande cha papai. Kila sahani ilikaa kwenye duara lake juu ya meza, na chini ya kila duara vihisi vidogo kuliko punje ya ulezi vilianza kazi ya kupima uzito wa kila tonge lililotoka. Vihisi vingine, vilivyofichwa ndani ya kiti, vilisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, mwendo wa koo lake na mawimbi ya tumbo lake. Tuse alikula taratibu. Hakumwaga, hakulia, hakusema kwamba mlenda unateleza. Alipomeza tonge la tisa, meza ilitoa mvumo wake: sauti tatu laini, mbili za chini na moja ya juu, ambazo mtu alizihisi mbavuni kabla hazijafika masikioni. Tuse akaweka mikono mapajani.

"Asante mama, asante baba. Nimeshiba."

Duara lenye sahani yake likadidimia polepole, kifuniko kikajifunga juu yake. Shughuli nzima ilichukua dakika kumi na mbili, na hakuna aliyekuwa amepandisha sauti.

Asiyewahi kulea mtoto anayekataa chakula hawezi kujua huo ulikuwa muujiza wa namna gani. Miaka ya nyuma, jijini Dodoma kama kwingineko, saa ya kula ilikuwa saa ya vita. Mama anamkimbiza mtoto na kijiko kuzunguka kochi. Baba anageuka ndege, anageuka treni, anageuka nyani, ilimradi mdomo ufunguke. Dada wa kazi anaimba mpaka sauti inamkauka. Vitisho navyo havikosekani: askari anakuja, daktari anakuja na sindano. Mwishowe mtoto anapewa biskuti na soda ili watu wapumzike, na wazazi wanakwenda kulala wamenuniana. Wataalamu wa lishe walihubiri redioni mpaka wakajichokea. Watoto wa jiji walikuwa mafungu mawili, wanaokula ovyo na wasiokula kabisa, na nyumba za mafungu yote mawili hazikuwa na amani.

Hapo ndipo kampuni moja iliyoitwa Tulizo ilipoleta mezalezi. Moyo wa mezalezi ulikuwa kifaa kinachoitwa kipimashibe, na kipimashibe kilikuwa kazi ya Elinami mwenyewe, mhandisi mkuu wa kampuni. Wazo lake lilikuwa zuri, ni haki kulisema. Hakutaka meza imlazimishe mtoto kula wala imkataze. Alitaka mtoto afundishwe kulisikiliza tumbo lake. Kila mwili una hali yake unapotosheka. Kipimashibe kinaitambua hali hiyo, na papo hapo meza inatoa mvumo unaopita kwenye kiti na kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Mtoto anasikia raha. Baada ya miezi kadhaa mwili wake unajifunza kwamba hali hii ndiyo shibe, na hapa ndipo pa kuacha. Hakuna kubembeleza wala kupigana.

Ndani ya miaka minane mezalezi zilikuwa zimeenea jiji zima, toka maghorofa ya Ipagala yenye mizabibu juu ya paa mpaka vitongoji vipya vilivyofuata njia ya treni ya sumaku, na shule karibu zote zilikuwa nazo. Elinami alialikwa kwenye makongamano, akapewa ngao, akaitwa baba wa shibe. Naye, tuseme ukweli, alilipenda jina hilo.

Jioni ile Bupe alifunua kifuniko cha sahani ya Tuse, akachungulia, akamwita mumewe aje aone. Mtoto alikuwa amekula robo tu ya alichopakuliwa.

"Amekula anachohitaji," alisema Elinami bila kuinuka. "Meza imelisikia tumbo lake. Mimi na wewe tunasikia nini?"

Bupe alikirudisha kifuniko. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na kwa muda sasa kulikuwa na jambo lililomkereketa. Darasa lake lilikuwa na utulivu ambao walimu wa zamani wangeuonea wivu. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyeomba kipande cha muhogo cha mwenzake. Lakini ikifika saa nne asubuhi, nusu ya darasa ilikuwa imelaza vichwa madawatini. Alikwisha kumwambia mumewe habari hiyo, na mumewe akasema watoto wa siku hizi wanachelewa kulala.

Wiki hiyohiyo walimpeleka Tuse kliniki. Nesi alikuwa mama wa makamo aitwaye Chilongani, ambaye katikati ya chumba kilichojaa mashine zinazojisomea zenyewe alikuwa bado ameng'ang'ania mizani ya chuma ya kusimama. Alimpandisha Tuse, akasoma, akamshusha, kisha akampandisha tena. Kilo kumi na nne. Mstari wa ukuaji wa mtoto kwenye kishikwambi ulikuwa umepanda vizuri mpaka miaka mitatu, ukalala, na sasa ulikuwa unainama. Damu ilikuwa safi, minyoo hakuwa nayo, moyo ulikuwa mzima. Elinami akatoa kumbukumbu za meza yake, miaka minne ya milo, na mbele ya kila mlo yameandikwa maneno mawili: shibe kamili. Nesi alizitazama kwa heshima zote, akamrudishia.

"Mimi nina mizani tu, baba Tuse," alisema. "Meza yako sijui inasema nini, lakini huyu mtoto anaisha."

Akawaeleza bila kuzunguka. Alikuwa amewaona wengine wa namna hiyo, kumi na tisa mwezi ule peke yake, wote wapole, wote wasiolalamika. Tuse akishuka chini ya kilo kumi na tatu itabidi alazwe na kulishwa kwa mrija wa puani. Watatu walikuwa wameshalishwa hivyo, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Aliwapa wiki nne. Bupe alianza kumfunga Tuse vifungo vya gauni, na kifungo cha juu kikamshinda.

Elinami alitoka pale amekasirika, hasira ya fundi aliyeambiwa nyumba aliyoijenga inavuja. Hakwenda nyumbani. Alipitiliza ofisini kwake Tulizo, akaenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya kumbukumbu, akiwa na nia ya kuthibitisha kwamba kipimashibe hakina kosa.

Kumbukumbu zenyewe zilikuwa za miaka kumi na minne nyuma, kabla meza ya kwanza haijaundwa. Wakati huo Elinami na wenzake kumi na mmoja walizunguka vijiji na miji kukusanya mifano ya shibe. Walichagua familia zenye watoto wenye afya na nyumba zenye utulivu. Mtoto alivalishwa mkanda laini tumboni na mwingine shingoni, familia ikala kama kawaida, na mtafiti akaketi pembeni. Kila baada ya matonge machache alimwuliza mtoto kama ameshiba. Mtoto akisema ndiyo, hali ya mwili wake kwa nukta ile iliwekewa alama. Akili mnemba ilipewa maelfu ya alama hizo ijifunze, na kutoka hapo ikajua shibe ni nini.

Aliyemsaidia kuzifungua kumbukumbu hizo alikuwa Sikudhani Swalehe, fundi wa vihisi, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyetokea upande wa Kondoa. Hakuwa msemaji sana, na mhandisi mkuu akiwapo ndiyo kabisa. Alifungua kumbukumbu moja kati ya zile za mwanzo, na picha ikasimama hewani katikati ya chumba. Ilikuwa familia imeketi mkekani: baba, mama, watoto wanne, sinia la wali na bakuli la kuku. Na pale pembeni, juu ya kigoda, amepewa sahani yake peke yake, alikuwapo Elinami mwenyewe, kijana mwembamba mwenye kofia ya kampuni.

Mtoto aliyevaa mikanda alikuwa wa kike, wa miaka minane hivi. Alikula matonge machache. Elinami wa kwenye picha akamwuliza kama ameshiba. Mtoto akaweka mikono mapajani, akasema ameshiba, asante. Alama ya kijani ikawaka. Elinami aliichukua mistari ya mwili wa Tuse ya jioni iliyopita, akailaza juu ya mistari ya mtoto yule. Moyo kwa moyo, tumbo kwa tumbo, ililingana mpaka ikawa mstari mmoja.

"Umeona?" alisema. "Meza haijakosea hata kidogo."

 Sikudhani alirudisha picha nyuma, akaitazama tena, kisha akaomba ruhusa ya kuuliza. Alitaka kujua kama mhandisi anaikumbuka nyumba ile. Elinami hakuikumbuka, walipita nyumba nyingi mno.

"Hapo ni nyumbani kwetu," alisema Sikudhani. "Huyo mtoto ni mimi."

Elinami alicheka kwa furaha. Alimwambia hiyo ni bahati ya ajabu, kwamba sasa wanaye shahidi aliye hai, wataenda naye kliniki ile akaseme mwenyewe. Msichana alikuwa ameinamisha macho, kama mtu anayetaka kumweleza mkubwa wake jambo la aibu.

"Mhandisi, siku ile sikuwa nimeshiba."

Alieleza polepole. Asubuhi ya siku ile mama yao aliwakusanya, akawaambia kuna mgeni anakuja kutoka Dodoma. Alichinjwa kuku aliyekuwa akitaga. Watoto wakaelezwa kama wanavyoelezwa watoto wote: mgeni akiwapo hakuna wa kugusa nyama kabla yake, hakuna wa kuomba kuongezwa, na ukiulizwa kama umeshiba, umeshiba. Sikudhani alisimamisha picha, akanyoosha kidole nyuma ya bega la Elinami kijana. Mama alikuwa pale, amebeba jagi la maji, anatabasamu. Midomo ndiyo iliyokuwa inatabasamu. Macho yalikuwa yamemkazia mtoto bila kupepesa.

"Pale mama ananikata jicho," alisema.

"Kwa hiyo ulikuwa na njaa."

"Nilikuwa na njaa, lakini nilikuwa na adabu." Alinyoosha kidole kwenye sahani ya kijana yule. "Na wewe ulikula paja, mhandisi. Mimi lile paja nalikumbuka mpaka leo."

Elinami alifungua kumbukumbu nyingine, kisha nyingine. Mpwapwa, Singida, Same kwao mwenyewe, Tukuyu kwa kina Bupe. Katika kila nyumba palikuwa na mgeni, yeye au mwenzake, ameketi mahali pazuri na sahani iliyojaa. Katika kila nyumba palikuwa na mama amesimama mahali fulani na jicho lile. Na katika kila nyumba palikuwa na mtoto amenyoosha mgongo, tumbo limejibana, moyo umeshuka, koo limemeza mate mara moja kisha likatulia. Hiyo ndiyo hali waliyoipa jina la shibe. Mashine haikukosea. Ilijifunza kile ilichopewa, ikajifunza vizuri kuliko wanafunzi wote.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba watafiti wote kumi na wawili walikuwa wamelelewa hivyohivyo. Hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwahi kukatwa jicho na mama yake mbele ya mgeni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Jambo ulilokua nalo huoni haja ya kulifikiria. Kosa lile lisingeweza kufanywa na watu wasiojua kumkirimu mgeni. Lilihitaji watu wema, nyumba njema na watoto waliofunzwa vizuri, na yote hayo waliyapata. Sasa watoto wa jiji zima walikuwa wanaishi kila siku ya maisha yao kama siku ya mgeni.

Alimwuliza Sikudhani, karibu kwa kumsihi, imekuwaje basi yeye akakua, akawa na mwili na nguvu zake.

"Si uliondoka?" alisema Sikudhani. "Ulipoondoka tu, mama alituletea ukoko na mchuzi uliobaki. Tulikula mpaka tukalala hapohapo mkekani."

Kumbukumbu ya mwili ilikuwa imekatika kabla ya hapo, maana mtafiti alishavua mikanda na kuaga. Kwa Tuse mgeni hakuwa ameondoka hata siku moja.

Elinami hakuficha kitu. Alikwenda kwa mkurugenzi akamweleza yote, na mkurugenzi, ambaye alikuwa na wajukuu watatu waliolelewa na mezalezi, alikaa ameshika kichwa. Siku tatu baadaye kipimashibe kilikuwa na mfano mpya wa shibe, uliochukuliwa kwa watoto wa vijijini waliokula peke yao bila mgeni, na meza zote jijini zikarekebishwa kwa mpigo mmoja. Wazazi walipelekewa taarifa iliyoyaita hayo maboresho. Elinami alitaka liandikwe neno kosa. Akaambiwa hofu itaua wengi zaidi, akatia sahihi.

Jioni ile walikaa mezani wote watatu, na Bupe alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Tuse alikula matonge tisa. Meza haikuvuma, ilijua sasa kwamba bado. Iliongeza harufu ya kitunguu, ikapasha chakula joto, ikangoja. Tuse naye akangoja, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Asante mama, asante baba. Nimeshiba."

Walimbembeleza tonge moja zaidi. Akalipokea kwa utii, akaliweka shavuni, likakaa humo robo saa nzima. Kesho yake Bupe alimlisha kwa mkono, tonge dogo baada ya tonge dogo, akimsimulia hadithi, na Tuse alimeza kila alichopewa. Kisha alikwenda bafuni akatapika chote, akarudi ameshajifuta mdomo, akaomba radhi. Elinami akageuka ndege. Akageuka treni. Mtu mzima mwenye ngao kabatini alipiga magoti sebuleni akalia kama nyani, na binti yake akacheka kwa upole, kicheko anachopewa mtu ambaye hutaki kumvunja moyo, mdomo ukiwa umefungwa.

Laiti Tuse angekataa kula, wangejua pa kuanzia. Mtoto mkaidi ana mlango wake, ukitafuta utaupata. Huyu hakuwa na ukaidi wowote. Waliitwa wataalamu wa mishipa ya fahamu na wataalamu wa malezi, wakampima, wakashauriana, wakakiri kwamba mwili uliofundishwa jambo kwa raha, tangu umri wa miaka miwili, mara tatu kwa siku, hawajui unalisahau vipi. Pengine miaka ingesaidia, walisema. Wiki ya pili mizani ya nesi Chilongani ilisoma kilo kumi na tatu na nusu.

Siku moja Elinami alimpakata Tuse, akashangaa jinsi magoti yake yasivyouhisi uzito. Alimwuliza kama anajua njaa. Tuse akafikiri, akasema amelisikia neno hilo shuleni. Basi tumbo lako likoje sasa hivi, baba akauliza.

"Linabana."

"Likibana unasikiaje?"

"Nasikia raha," alisema Tuse. "Nasikia nimekuwa mtoto mzuri."

Elinami alimkumbatia ili asimwone uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na namna ya kumweleza yanatoka kwa nini.

Wazo la mwisho lilikuwa la Bupe. Yeye kwao hawakujua kukataa chakula. Walikula watoto saba kwenye sinia moja, na aliyezubaa aliinuka akilamba vidole. Hakuna aliyebembelezwa, maana muda wa kubembelezwa haukuwapo. Alisema wazime meza kabisa, wailete mikono ya watoto pamoja, na wakubwa wote wakae mbali, pasiwe na mgeni wala jicho. Elinami alilishika wazo hilo kwa nguvu zake zote. Hakuwa na jingine.

Jumapili adhuhuri waliichomoa mezalezi ukutani, wakaisukuma mpaka barazani, uso umeelekezwa nje. Bupe alipika mchele wa Kyela aliotumiwa na mama yake, akaupika kwa mkaa ili ushike ukoko, jambo lililowafanya majirani wa ghorofa ile wapige simu kuuliza kama kuna moto. Alichinja kuku wa kienyeji, akamuunga kwa nazi. Walitandika mkeka. Wakaalikwa watoto sita wa ghorofa ileile, wenye umri wa Tuse, na wazazi wao wakaombwa wabaki makwao. Kisha Bupe akaweka sinia katikati, wali umepanda kama kichuguu, mapande ya kuku juu yake na paja kubwa kileleni. Akawaambia watoto kwamba leo hakuna sahani, na atakayewahi ndiye atakayepata. Yeye na mumewe wakaingia jikoni, wakasimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

Mwanzoni ilikuwa ni furaha tupu. Watoto hawakuwahi kula kwa mkono mmoja pembeni ya mkono mwingine, wakaona ni mchezo. Walichekana kwa wali uliowadondoka, mmoja akampaka mwenzake mchuzi puani. Tuse alikuwa anakula haraka, haraka kuliko alivyowahi, punje zimemganda shavuni. Bupe alimshika mumewe mkono akaubana. Nyuma ya mlango ule Elinami alikuwa akihesabu matonge ya binti yake kwa midomo bila sauti. Matano. Sita. Alijiambia kwamba likipita la tisa, mengine yote yatapita. La saba likaingia, na la nane.

Baada ya la tisa Tuse aliutoa mkono wake kwenye sinia.

Mtoto wa pembeni yake aliutoa wa kwake. Kisha yule wa ng'ambo, kisha wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuangaliana. Vicheko vilikwisha. Migongo ikanyooka, mikono saba yenye mafuta ikasimama hewani isichafue nguo, na sebule ikawa na ule utulivu ambao jiji zima lilikuwa limeutamani. Wali ulikuwa umechimbwa pembeni kidogo tu. Halafu mtoto mmoja akaanza kuvuma, mdomo umefungwa, sauti mbili za chini na moja ya juu. Wengine wakafuata. Meza ilikuwa barazani, haina umeme, imegeukia nje, na watoto saba walikuwa wameketi mkekani wakivuma wenyewe, macho yamelegea kwa raha.

Bupe aliugeukia ukuta, akaegemeza paji la uso. Elinami alisukuma mlango akatoka, bila kujua anatoka kufanya nini. Tuse alimwona. Uso wake ukachangamka, kama wa mwenye nyumba aliyemwona mtu aliyekuwa akimngoja. Aliinama juu ya sinia, akalichukua lile paja la kileleni kwa mikono miwili, akaja nalo mpaka mbele ya baba yake.

"Karibu baba," alisema. "Kula wewe. Sisi tumeshiba."

Elinami alipiga magoti. Alitaka kukataa, lakini aliyaona macho ya binti yake yakimsubiri, na watoto wengine nyuma wakimtazama kwa heshima. Alilipokea paja lile kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto. Tuse alisimama palepale mbele yake, mkono mmoja juu ya tumbo lililobana, akimwangalia anavyokula.